Kisima cha Sheikh Farid

SEHEMU YA KWANZA: Sanduku la Fundi

Daftari lilikuwa chini kabisa ya sanduku la babu, limeviringishwa ndani ya kipande cha kilemba ambacho zamani kilikuwa cha samawati. Juu yake kulikuwa na randa, patasi, futi ya kukunja na kanzu ya Idi iliyokwisha kutobolewa na mchwa. Nyanya alivitoa vitu hivyo kimoja kimoja akavipanga mkekani. Alipofika kwenye kile kitambaa, akakirudisha upesi na kukifunika kwa kanzu.

"Hiki tusikifungue sasa," akasema. "Watu ni wengi."

Tangu tumzike, nyumba yetu ya Majengo, mjini Meru, ilikuwa haijatulia. Walikuja majirani, walikuja wazee wa msikitini, wakaja mafundi wa Gakoromone waliojifunza kupiga randa mbele ya macho yake. Babu alikuwa fundi wa mbao aliyejulikana kutoka Maua hadi Chuka. Ukiingia nyumba ya zamani ukakuta mlango wa muuru ambao haujapinda wala kulia, uliza. Mara nyingi utatajiwa jina lake.

Tulisubiri hadi wageni wakalala. Nyanya akashika simu yake juu kunimulikia, nami nikafungua.

Kurasa zilijaa herufi nisizozijua, zote zikining'inia chini ya mstari mmoja mrefu. Lakini chini ya kila fungu babu alikuwa ameongeza maneno machache ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, ile aliyofundishwa chuoni akiwa mtoto. Hiyo naisoma, ingawa polepole. Katika ukurasa wa mwisho unaosomeka aliandika kwamba hayo ni maneno ya Sheikh Farid, na kwamba yamo ndani ya kitabu kitakatifu cha Makalasinga. Kisha akaanza sentensi nyingine: mwalimu wake ni. Hapo mchwa walikuwa wamepita. Ilibaki herufi moja tu ya jina, qaf, na nukta zake mbili.

Niliisoma sentensi ile tena na tena. Mimi ni mwalimu wa historia. Kila mwaka huwaeleza wanafunzi wangu habari za reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901, na jinsi mafundi kutoka Punjab walivyokuja nayo: maseremala, wahunzi, waashi. Nimewasimulia kuhusu hekalu la Makalasinga huko Makindu lililojengwa mwaka 1926, ambako msafiri wa dini yoyote hulishwa bila kuulizwa kitu. Lakini hao mafundi walisoma nini usiku, baada ya nyundo kuwekwa chini, sikuwahi kujiuliza. Sasa babu yangu, Mwislamu ambaye hakupitwa na sala ya alfajiri, alikuwa akiniambia kutoka kaburini kwamba ndani ya kitabu chao yumo sheikh.

"Alikuwa akiyasema akipiga randa," nyanya akanong'ona. "Si Kimeru, si Kiswahili, si Kiarabu. Nikimuuliza, anasema ni maneno ya kuituliza mikono."

Asubuhi baba mkubwa akaingia bila kubisha. Ndiye mtoto wa kwanza wa babu, ndiye aliyeiosha maiti yake, na ndiye anayefundisha watoto madrasa. Daftari lilikuwa limefungwa tena kwenye kitambaa chake, mapajani mwa nyanya.

"Mama, khitma ya arubaini ni Jumamosi," alisema. "Nyumba itajaa masheikh. Hiyo karatasi ichomwe kabla ya siku hiyo, na Farid wake aondoke nayo."

"Mume wangu hakuwahi kukosa swafu ya mbele."

"Ndiyo sababu. Mtu wa swafu ya mbele akikutwa na maandishi ya dini nyingine sandukuni, watu watauliza kwa nini aliyaficha. Mimi nitawajibu nini?"

Sikuweza kumpinga. Swali lake lilikuwa la haki, na mimi mwenyewe sikuwa na jibu. Niliona tu kwamba anapozungumza, macho yake hayakai juu ya daftari. Yanakwenda mlangoni, yanarudi, yanakwenda tena.

Alipotoka, nyanya alinivuta hadi jikoni. Yeye alizaliwa Tigania, akasilimu alipoolewa, na mambo ya kwao hakuyasahau. Aliniambia kwamba Mugwe, kiongozi wa dini wa Wameru wa zamani, alibariki watu kwa mkono wa kushoto, na mkono huo aliuficha maisha yake yote. Wala hapakuwa na mtu aliyesema anauficha kwa sababu ni mbaya.

"Nenda Embu," akasema. "Kuna yadi ya mbao ya Kalasinga, yule ambaye baba yake alimfunza babu yako kazi. Huyo mtoto sasa ni mzee, lakini yu hai. Usianze na mambo ya dini. Muulize kitu kimoja: ni nani alikuwa ndani ya kisima?"

SEHEMU YA PILI: Mafarid Wawili

Matatu ya alfajiri iliteremka kupitia Nkubu na Igoji, ikapita Chogoria na Chuka, ikiyakata makona ya mlima huku pikapu za miraa zikitupita kwa kasi ya kutisha. Tulipovuka Thuci na kuingia Embu, mkoba nilikuwa bado nimeukumbatia kifuani. Abiria wa pembeni lazima alidhani nimebeba pesa.

Mzee nilimkuta nyuma ya yadi, kilemba cheupe, ndevu nyeupe, bangili ya chuma mkononi, anapima ubao kwa jicho moja.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Unataka mbao za nini?"

Nilimtajia jina la babu. Aliuweka ubao chini. Nilipofungua kitambaa akakitambua kabla hajaliona daftari. Aliushika ukingo wake kwa vidole viwili na kusema ni kilemba cha baba yake. Kisha aliondoka, akanawa mikono, akavua viatu, akaketi, ndipo akalipokea daftari kwa mikono miwili.

Alisoma kwa sauti ya chini, na nikajua hayo ndiyo maneno nyanya aliyoyasikia miaka yote nyuma ya randa.

"Baba Farid," akasema. "Ukurasa wa 1377 na kuendelea."

Ikabidi anifundishe, na alinifundisha kwa subira ya fundi. Kitabu chao, Guru Granth Sahib, kina kurasa 1430. Guru Arjan, wa tano katika Maguru wao kumi, alikikusanya huko Amritsar mwaka 1604, na tangu mwaka 1708 hawana Guru mwingine ila kitabu hicho. Guru Arjan hakuweka ndani yake maneno ya Maguru peke yao. Alimweka Kabir, mfumaji wa nguo. Alimweka Ravidas, aliyeshona viatu kwa ngozi za wanyama na kudharauliwa kwa kazi hiyo. Akamweka Farid, sheikh wa tarika ya Chishti, beti zake 112 na tungo nne.

"Kwa hiyo ni Mwislamu kweli?"

"Mwislamu aliyesali, akafunga, akaongoza muridi. Nasi tukifika kwenye maneno yake hatuinami kidogo kuliko tunavyoinama kwa mengine."

Nilimwonyesha ile qaf. Akaitazama muda mrefu, akacheka bila sauti.

"Hapa sasa umegusa ugomvi wa wasomi. Maana Mafarid ni wawili."

Akaagiza chai, tukanywa tukikalia magogo, naye akaniwekea jambo lenyewe wazi. Farid wa kwanza ni Fariduddin Masud, aliyezaliwa karibu na Multan katika karne ya 12 na kufariki miaka ya 1260 huko Ajodhan, mji wa ukingoni mwa mto Sutlej ambao leo ni Pakpattan, nchini Pakistan. Watu walimwita Shakarganj, hazina ya sukari. Wanasimulia kwamba mama yake alikuwa akimwekea sukari chini ya mswala ili aipende sala. Siku moja mama akasahau, na mtoto alipoinua mswala akaikuta sukari vilevile. Farid wa pili ni Sheikh Ibrahim, wa ukoo huohuo, aliyekalia kiti cha Pakpattan zaidi ya karne mbili baadaye. Huyo alikutana uso kwa uso na Guru Nanak, wa kwanza katika Maguru, na watu walimwita kwa jina la babu yake mkuu: Farid wa Pili.

"Mwaka 1909," mzee akaendelea, "Max Arthur Macauliffe, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa ofisa wa Waingereza Punjab, alitoa majuzuu sita kuhusu dini yetu. Alitupenda, na alifanya kazi kubwa. Yeye akasema beti hizi ni za Ibrahim. Tangu siku hiyo wasomi hawajanyamaza."

Nikapiga hesabu kichwani, kama ninavyowafanyisha wanafunzi. Guru Nanak alizaliwa mwaka 1469. Kati ya kifo cha Farid wa kwanza na kuzaliwa kwa Nanak kuna miaka mia mbili. Ukimchagua Farid wa kwanza, ni lazima ueleze ni nani aliyabeba maneno hayo kwa muda wote huo. Ukimchagua wa pili, pengo linatoweka, kwa kuwa alikuwa hai na alikuwa na ulimi. Hoja ya Macauliffe haikuwa ya kipuuzi hata kidogo.

"Ila qaf inaikataa," nikasema.

Mzee akanyanyua nyusi.

"Ibrahim alipokea kiti ndani ya ukoo wa Farid. Kama babu aliandika jina la mwalimu, na jina hilo linaanza kwa qaf..."

"Sema."

Sikulifahamu. Akalisema yeye, taratibu, kama mtu anayeipima mbao ya thamani kabla ya kuitia msumeno: Qutbuddin Bakhtiar Kaki.

Nilihisi nywele zikinisimama.

Alinisimulia jinsi walivyokutana. Farid alikuwa kijana anayesoma katika msikiti mmoja wa Multan, na mbele yake kilikuwa wazi kitabu cha sheria kiitwacho Nafi. Qutbuddin, mgeni aliyekuwa njiani, aliingia kusali. Alimwuliza kijana anasoma nini, kisha akamwuliza kama ana hakika kitabu hicho kitamnufaisha. Farid alisimama, akajibu kwamba manufaa yake yako katika mtazamo wa huyo anayemwuliza, akaanguka miguuni pake. Tangu saa hiyo alikuwa na mwalimu. Naye Qutbuddin alikuwa na wake, Muinuddin Chishti wa Ajmer, na nyuma yake wengine, mlolongo ambao watu wa tarika huusoma kwa moyo kama mtu asomavyo nasaba yake. Ukimjua Qutbuddin unamjua Farid ni yupi, kwa sababu Qutbuddin alifariki Delhi mwaka 1235. Ibrahim hakuweza kumwona hata ndotoni.

"Lakini sikiliza jambo moja," mzee akasema. "Katika beti zote hizo 112, na tungo nne, jina la Qutbuddin halimo. Farid hujitaja mwenyewe. Mwalimu wake hamtaji kwa jina. Babu yako hakulipata kitabuni."

"Alilipata wapi?"

"Kwa baba yangu. Baba alisoma Punjab kabla nchi haijagawanywa mwaka 1947, na shule za wakati ule zilifundisha Kiurdu. Herufi za Kiarabu alizijua. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, Kipunjabi cha babu yako hakikuwepo. Basi waliandikiana kwa penseli juu ya mbao, wakisoma wanafuta kwa randa. Nimekua nikiona yale maranda yenye maandishi yamezagaa sakafuni."

Hapo nikaona wakati umefika.

"Babu, nyanya amenituma nikuulize. Ni nani alikuwa ndani ya kisima?"

Kikombe kilisimama karibu na midomo yake. Mtambo wa kupasua mbao ulikuwa ukinguruma upande wa pili. Akampungia kijana mkono auzime, na yadi nzima ikanyamaza. Akasimama kwa tabu, akanipeleka nyuma kabisa, nyuma ya marundo ya mbao za zamani ambazo ni wazi hakuna aliyezigusa kwa miaka mingi. Chini yake kulikuwa na mfuniko mzito wa muuru.

"Nishikie huku," akasema.

Tuliuinua pamoja. Juu ulikuwa laini, hauna kitu. Lakini upande wa ndani, ule ambao huonekana tu na mtu aliye chini akitazama juu, palikuwa pamechongwa kwa patasi jina zima, na lilianza kwa qaf.

SEHEMU YA TATU: Aliyepewa

Nililisoma kwa kidole, herufi baada ya herufi. Qutbuddin. Mchongo ulikuwa wa mkono wa babu. Mkato ule wa kuinamia kushoto naujua, uko kwenye kitanda nilichozaliwa juu yake.

"Aliuchonga baadaye," mzee akasema, "baada ya vita vya uhuru. Alirudi kutoka Meru akiwa huru, ana familia, akasema mfuniko wa zamani umeoza na yeye ndiye mwenye deni la kuutengeneza mpya."

Akaketi ukingoni mwa kisima. Kilikuwa kimekauka.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952. Hilo nalifundisha. Nalifundisha pia kwamba Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi yalizingira Nairobi, yakawakamata Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu na kuwapeleka kambini, Manyani na Mackinnon Road. Nililokuwa silijui ni kwamba babu yangu, kijana anayejifunza useremala, alikuwa jijini siku ile, akaponyoka, na akafika Embu kwa miguu, usiku kwa usiku, bila karatasi yoyote ya kumruhusu kuwa popote.

"Aliingia kwa baba yangu kuomba maji. Baba hakumwuliza jina. Alimwuliza anajua kushika randa. Akasema anajua kidogo. Kesho yake tukasikia malori ya askari yanapanda kutoka mjini."

Mzee, aliyekuwa mtoto mdogo wakati huo, ndiye aliyeshika taa. Baba yake alimfunga kijana kamba chini ya makwapa, akamteremsha kisimani hadi kwenye jiwe lililotokeza juu ya maji, akafunika, akarundika mbao juu. Askari walipekua yadi. Walikwenda, wakarudi, wakakaa karibu. Usiku ukaingia, na wa pili, na bado hakukuwa na usalama wa kumtoa. Kutoka chini ikasikika sauti ya mtu anayeanza kupoteza akili kwa hofu.

"Baba akalala kifudifudi juu ya mbao, mdomo kwenye ufa, akaanza kumwambia habari za Farid. Kiswahili chake kilikuwa kibovu, nimekwambia. Lakini hiyo hadithi alihakikisha inafika."

Nami naiandika kama nilivyoipokea. Qutbuddin alimwamuru muridi wake afanye ibada iliyo ngumu kuliko zote wanazozijua watu wa tarika: kuning'inia kichwa chini ndani ya kisima kwa siku arubaini. Farid alitafuta msikiti wenye kisima, na mti juu ya kisima, na mwadhini wa kutunza siri. Akaupata huko Uch. Kila usiku baada ya isha mwadhini alimfunga miguu kwa kamba, akaifunga kamba kwenye tawi, akamteremsha. Kabla ya alfajiri akamvuta. Mchana Farid alikuwa mtu kama watu wengine. Wanaotafuta ushahidi wa maandishi wanaweza kulitilia shaka jambo hilo, na wana haki. Lakini fikiria kijana wa Kimeru, Mwislamu, katika giza lile, anaambiwa kutoka juu na mtu wa dini nyingine kwamba amewahi kuwapo sheikh aliyekaa kisimani kwa hiari yake, na kwamba aliyemtuma huko alimpenda.

"Baba akamwambia: wewe huko kichwa juu, usilalamike," mzee akasema, na machozi yakamtoka. "Halafu akamfundisha beti ya kwanza. Ilipokwisha, ya pili. Hadi alipotolewa alikuwa anazo nyingi."

Kwa muda sikuweza kusema kitu. Nilipoweza, nilirudi kwenye swali lililonileta, kwa kuwa Jumamosi ilikuwa kesho.

"Sasa nitamwambia baba mkubwa kwamba haya yameandikwa na baba yako, zawadi kwa babu."

Mzee akalichukua daftari tena, akalisogeza kwenye mwanga. Akatikisa kichwa.

"Hati hii si ya baba yangu. Tazama hapa, mkono umekaza, herufi zimeandikwa moja moja. Huyu ni mtu aliyejifunza Gurmukhi, herufi zetu hizi, akiwa mtu mzima. Hii ni hati ya babu yako mwenyewe."

Aliyageuza majani hadi mwisho. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa unyevu. Akachomoa kisu chembamba, akakipitisha katikati kwa uangalifu wa mtu aliyefanya kazi na mbao maisha yake yote, na zikaachana. Ndani kulikuwa na mistari michache tu, yote kwa zile herufi zinazoning'inia. Akanitafsiria, mstari kwa mstari.

Farid alifundishwa na Qutbuddin. Watoto wa Farid wakayashika maneno. Ibrahim akayashika. Nanak akayapokea kwa Ibrahim. Kitabu kikayapokea. Fundi wa Embu akanipa mimi nikiwa kisimani.

Nikamwambia asimame kidogo. Mistari hiyo, ya fundi ambaye hakufika sekondari, ilikuwa imeufunga ule ugomvi wa Macauliffe kwa namna ambayo mimi naiona ni sawa kuliko zote. Pengo la miaka mia mbili halikuwa tupu. Lilijaa watu wa Pakpattan, kizazi kwa kizazi, wakiyasema maneno kwa jina la mwenyewe. Ndimi zao ziliyagusa, na huenda kuna beti walizoongeza, hilo silikatai. Macauliffe alimwona Ibrahim amesimama na maneno mkononi, na ni kweli alikuwa amesimama nayo. Akamwita mtunzi. Babu alimwita mshikaji. Na ndani ya kitabu chenyewe, mzee alinieleza, Maguru hawakuyaweka maneno ya Farid kama kitu cha makumbusho: kati ya beti zake wamepenyeza zao 18, wakimjibu. Pale anaposema habari za kuutesa mwili kwa ajili ya Mungu, Guru Nanak anamwambia asiutese, kwani amtafutaye yumo ndani yake tayari. Hujibizani hivyo na mtu usiyemhesabu kuwa yuko barazani nawe.

"Kuna mstari mmoja umebaki," mzee akasema.

"Soma, babu."

Alinyamaza. Akausoma kwanza peke yake, akanitazama, akausoma kwa sauti.

Nami nimempa mwanangu wa kwanza.

Nilifikiri nimesikia vibaya. Mwanawe wa kwanza ni baba mkubwa. Ndipo nikakumbuka ile asubuhi, daftari limefungwa mapajani mwa nyanya, mimi na yeye hatujamwambia mtu yeyote kilichomo, na baba mkubwa kasimama mlangoni akisema Farid aondoke na karatasi yake. Hakuna aliyemtajia jina la Farid. Alikuja nalo.

Lango la yadi likagongwa kwa nguvu. Kijana wa mtambo alilifungua, na baba mkubwa akaingia, kanzu imejaa vumbi la barabara ya Chuka, anahema. Hakunitazama mimi. Alimtazama mzee, kisha daftari lililo wazi mapajani mwake, kisha, kabla hajaambiwa na mtu, akavua viatu.

"Baba mkubwa," nikasema, sauti ikinitetemeka, "babu alikufundisha beti ngapi?"

"Zote," akajibu.

Mzee akaanza kuinuka ili amkumbatie, lakini baba mkubwa alikuwa amegeuka nyuma, anachungulia barabarani alikotokea.

"Anayetaka lichomwe si mimi," akasema. "Funga lango. Haraka. Amenifuata tangu Runyenjes."

Itaendelea wiki ijayo.